Wenye Beji na Wenye Watoto, Tukutane Chepilat Saa Nne

Chamgei kwa mlio upande wa Sotik. Bwakire buya kwa mlio upande wa Borabu. Na ninyi mliozaliwa huku mkaenda kusoma, mkawa maafisa wa kilimo, walimu, wauguzi, wahandisi na watafiti katika miji ya mbali, hamjambo huko mliko. Nina ombi. Kongamano lijalo la taaluma yenu, likifanyika Kericho, Bomet au Kisii, nusu siku yake ifanyike hapa Chepilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, nje ya ukumbi, na kila mjumbe aje na familia yake. Wenyeji wa pande zote mbili za mpaka nao waje na watoto wao. Kitakachotukutanisha ni vipepeo.

Wapo watakaocheka, na wacheke. Vipepeo ni mambo ya watoto, watasema. Mtu mzima aliyelipiwa nauli na chumba cha hoteli hawezi kuzunguka vichakani akikodolea mdudu macho. Lakini mtu huyo huyo hukaa ukumbini kutwa nzima akitazama slaidi ambazo aliyeziandaa anazisoma neno kwa neno, na hakuna anayemcheka.

Nianze na vipepeo wenyewe, maana wengi wetu tumekua nao bila kuwatazama. Shamba la chai linapendeza machoni, ila kwa kipepeo ni karibu jangwa. Mchai unaochumwa kila wiki au kila wiki mbili haupati nafasi ya kuchanua ipasavyo, na jani lake viwavi wengi hawalitaki. Ukisimama katikati ya mashamba makubwa ya kampuni kule Kericho, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920, unaweza kuona kijani kibichi hadi upeo wa macho usione bawa hata moja. Chepilat ni tofauti. Huku mashamba ya walowezi yalikatwa vipande wakati wa uhuru yakagawiwa wakulima wadogo, na kila familia ikapanda inavyojua: chai kidogo, mahindi kidogo, nepia ya ng'ombe, migomba, mchungwa au mlimau nyuma ya jiko. Kati ya kipande na kipande pana ua wa miti. Kati ya ua na kijito pana kichaka ambacho hakuna aliyekumbuka kukifyeka. Vipepeo wanaishi hapo, kwenye kingo. Na kingo tunazo tele.

Wanataka pia saa yao. Kipepeo hana joto la mwili kama letu. Sharti aote jua mpaka misuli ya mabawa ipate joto karibu na nyuzi 30 ndipo aruke. Nyanda hizi za juu asubuhi ni za baridi na umande, hivyo saa moja kipepeo bado ameshikilia jani kwa chini, hana habari na dunia. Saa nne jua limekolea, anatandaza mabawa, anapasha mwili, anaondoka. Atazunguka maua mpaka kama saa saba. Baada ya hapo mawingu yanajikusanya, na mnajua kinachofuata: mvua ya alasiri, pengine ya mawe, kwa kuwa ukanda huu wa Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Sasa angalieni ratiba ya kongamano lolote. Saa nne ni chai na mandazi. Ninachoomba, kwa kweli, ni chai ya saa nne iliyorefushwa hadi chakula cha mchana.

Mtaona nini? Anzeni na ule mlimau. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, wataalamu wanamwita Papilio demodocus, ambaye hutaga mayai yake kwenye majani ya michungwa na milimau. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, rangi na umbo, na ndege wanampita. Akikua anageuka kijani, anapotelea kwenye majani. Mguse taratibu kwa ujiti: nyuma ya kichwa itachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mtoto akishaona hilo mara moja, atakagua kila mlimau wa kijiji. Na anaweza kumlea ndani ya chupa pana yenye kifuniko cha chandarua, akibadilisha majani kila siku, mpaka kiwavi ajifunge awe pupa na kipepeo atoke. Kazi yote huchukua mwezi mmoja hadi miwili, kutegemea baridi. Mama mwenye mlimau asiogope. Viwavi wachache hawaui mti uliokwisha kukua.

Nendeni kwenye mti wa tebeswet. Majirani zetu Wagusii wanaujua kwa jina la omosocho, na karibu kila boma la pande zote mbili lina mmoja, wa kivuli, wa kuni au wa dawa. Majani yake hulisha viwavi wa Charaxes candiope, kipepeo mnene mwenye nguvu, anayeruka kwa kasi kiasi cha kumpotosha mtu macho. Huyu si mpenzi wa maua. Anapenda utomvu wa miti, matunda yaliyooza, hata kinyesi. Wekeni ndizi iliyoiva kupita kiasi juu ya kigogo, mketi mbali kidogo, mngoje. Kwenye barabara ya murram yenye maji, pale ng'ombe wanapokanyaga wakienda kijitoni, mtakuta kundi la vipepeo limetua juu ya tope likinyonya. Wengi wao ni madume. Wanatafuta chumvi, ambayo nekta ya maua haina ya kutosha, na sehemu ya chumvi hiyo humpa jike wakati wa kujamiiana, naye huitia katika mayai. Ni baba anayetafuta riziki, ukitaka kulisema hivyo, ingawa katika mazingira yasiyopendeza.

Halafu kuna mchezo wa kuigiza. Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi na mabaka meupe, Danaus chrysippus, hula akiwa kiwavi mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo anabaki nayo. Ndege akimwonja, anajuta na kukumbuka. Sasa jike la kipepeo mwingine kabisa, Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, amevaa sare ile ile, chungwa kwa nyeusi. Dume lake wala halifanani naye: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha somo hili kwa picha ya kitabuni anajua linavyochosha. Hapa kitabu kinaruka.

Na kama mvua imenyesha vizuri, huenda mkabahatika kuona weupe wanaohama, makundi kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja, wakivuka barabara ya kwenda Keroka bila kujali matatu wala lori la maziwa. Uhamaji wa vipepeo si jambo dogo. Mwaka 2024 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vipepeo wa aina ya Vanessa cardui, ambao hata Kenya wapo, walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi hadi Guyana ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 4,000, wakisukumwa na upepo. Mdudu mwenye uzito usiofika gramu moja.

Hayo ndiyo yaliyopo. Je, wataalamu wanahusika vipi?

Kongamano la kwetu lina desturi zake. Unajiandikisha mlangoni, unapewa beji, kalamu na mfuko wa kitambaa. Mgeni wa heshima anachelewa. Akifika, itifaki imezingatiwa, hotuba inasomwa, picha ya pamoja inapigwa, mgeni anaondoka na nusu ya ukumbi inamfuata. Mada zinawasilishwa mbio mbio. Mwisho neno la shukrani, maazimio, kila mtu na njia yake. Sisemi hayana faida. Mtu hukutana na mwenzake anayehangaika na tatizo lile lile kaunti nyingine, na mazungumzo yao kwenye foleni ya chakula huzaa kuliko mada nzima. Ila jiulizeni maazimio hayo yanamfikia nani. Kericho kuna taasisi ya utafiti wa chai tangu mwaka 1951, ilipoanzishwa kuhudumia Afrika Mashariki yote. Kuna Chuo Kikuu cha Kabianga. Elimu ipo jirani. Kati ya ukumbi na mchumaji chai wa Chepilat kuna makumi machache tu ya kilomita, lakini ni nani aliyewahi kuzitembea akiwa na beji shingoni?

Waliowahi kujaribu walipata matunda. Mwaka 1993, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ulianzishwa mradi wa Kipepeo, makao yake yakawa kwenye magofu ya Gede. Majirani wengi wa msitu ule walikuwa wanauona kama ardhi waliyonyimwa, na ndovu na nyani wakitoka humo kula mazao yao. Mwanabaiolojia Ian Gordon na wenzake hawakuwaita ukumbini kuwahutubia. Waliwafundisha kufuga vipepeo: kupata majike kutoka msituni, kukusanya mayai, kulisha viwavi, na kuuza pupa, ambazo mradi husafirisha kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Familia zikalipa karo kwa viwavi, na wakulima waliotaka msitu ukatwe wakapata sababu ya kuulinda. Tanzania nao wakafanya vivyo hivyo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na Zanzibar wana kituo cha vipepeo Pete, karibu na msitu wa Jozani, ambako wageni hulipa kuingia. Karibu na kwetu zaidi upo msitu wa Kakamega, wenye aina zaidi ya 400 za vipepeo, na vijana wa vijiji vya huko wamekuwa wakiwaongoza wageni na kuwafundisha wanafunzi kwa miaka mingi.

Sidai kwamba Chepilat itakuwa Gede. Hatuna msitu kama ule, na biashara ya pupa inataka usafiri wa haraka na soko la uhakika. Anayewaahidi utajiri wa vipepeo hapa, mwepukeni. Ninachochukua kutoka Gede ni utaratibu: mtaalamu alikwenda penye mdudu na penye watu kwa pamoja.

Nchi yetu haina uhaba wa watu wa kuwaalika. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE mwaka 1970, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, akakiongoza hadi 1994, kwa imani kwamba matatizo ya wadudu wa Afrika yatatuliwe na wanasayansi walio Afrika. Makao yake yako Kasarani, mahali panapoitwa Duduville, jina ambalo hata mtoto wa chekechea hawezi kulisahau. Makumbusho ya Taifa yana wadudu waliohifadhiwa kwa miongo mingi. Nature Kenya, chama kilichotokana na kile cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, kina desturi ya matembezi ya kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, na matembezi hayo yamewalea watu wengi ambao leo ni wataalamu, wakiwemo walioanza kama watoto waliofuata wakubwa tu. Huko Nairobi watu wamezoea jambo hili. Kinachokosekana ni mtu wa kulileta barabara ya Sotik.

Sasa kuhusu familia. Ninasisitiza waje, na si kwa ajili ya picha nzuri. Waulizeni wanawake mnaofanya nao kazi ni mialiko mingapi ya makongamano wameikataa kwa sababu ya mtoto anayenyonya, au kwa kukosa wa kumwachia watoto siku tatu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Kumbi nyingi za mikutano zinajifanya hazikuisikia. Matokeo yake tunakaa tukizungumzia kilimo, ambacho sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa na wanawake, na waliomo ukumbini wengi ni wanaume. Nusu siku ya Chepilat haitaponya hilo lote. Lakini mwandalizi akishalazimika kuandika kwenye fomu "utakuja na watoto wangapi", amepiga hatua ambayo hataweza kuirudisha nyuma kirahisi.

Nataka pia watoto wa wataalamu wakutane na watoto wa huku. Mtoto wa daktari wa mifugo anayeishi ghorofani Nairobi na mtoto wa mchumaji chai hawana mengi ya kuzungumza wakikutanishwa sebuleni. Waambie watafute kiwavi chini ya majani ya mlimau, utaona ni nani mwalimu.

Na sasa nifike pale ambapo wenyeji mlikuwa mnajua nitafika. Chepilat, au Chebilat kama wengine wanavyoandika, iko mpakani. Zamani ulikuwa mpaka wa Rift Valley na Nyanza, leo ni wa Bomet na Nyamira. Mwaka 1992 damu ilimwagika hapa, na mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, nyumba na maduka yakachomwa, vijana wakasimama pande mbili na pinde na mishale. Watoto waliokuwa wamebebwa mgongoni siku zile sasa ni watu wazima wanaopiga kura. Tangu wakati ule mikutano ya amani imefanyika, na wazee, makanisa na akina mama wa soko wamefanya kazi ambayo hakuna aliyewalipa inavyostahili. Mikutano hiyo ilihitajika. Ila mkutano wa amani huwaita watu kwa sababu ya ugomvi. Unakaa upande wako, unasemewa na msemaji wako. Tunahitaji pia shughuli ambazo mtu anahudhuria bila kuulizwa yeye ni wa upande gani, na ambazo hazina uhusiano wowote na uchaguzi, ardhi wala ng'ombe. Ni chache mno. Soko ni mojawapo. Mpira ni nyingine, ingawa mpira una kushindwa. Kutazama vipepeo hakuna mshindi.

Siku gani? Nimelifikiria hili kuliko nilivyodhani ningelifikiria. Jumamosi haiwezekani, kwa kuwa majirani wengi wa Borabu ni Waadventista na siku hiyo ni ya ibada. Jumapili wengi wa Sotik wako kanisani saa hiyo hiyo ya nne ambayo kipepeo anaamka. Siku nyingine ni za kazi na shule. Iliyobaki ni sikukuu ya kitaifa, na tunayo inayofaa kabisa: tarehe 10 Oktoba, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Siku ya Mazingira. Bonasi ya chai kwa kawaida hulipwa mwezi huo, kwa hiyo hata wenye madeni huwa na nyuso za kutazamika. Mwaka 2026 tarehe hiyo inaangukia Jumamosi. Mwaka huo tuhamie Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20, ambayo ni Jumanne. Waandalizi wa makongamano ya Oktoba, na najua ni mengi kwa sababu bajeti za nusu ya mwaka zinataka kutumika, jipangeni kuizunguka siku hiyo.

Siku ya Mazingira serikali hutuhimiza kupanda miti, ili kufikia ile bilioni 15 iliyokusudiwa ifikapo 2032. Tupande. Lakini kitalu kikileta mikaratusi kwa ajili ya ukingo wa kijito, irudisheni kwa heshima. Ombeni tebeswet, ombeni miti ya asili ambayo wazee wa pande zote mbili wanaweza kuitaja bila kufikiri. Na kwenye ua wa shamba, acheni kipande kisichofyekwa, hata hatua kumi tu, kichanue kinavyotaka. Dawa ya kunyunyizia mboga isipigwe saa za jua kali maua yakiwa na wageni, jioni inatosha. Mwenye shamba dogo akifanya hayo, ametenda jambo ambalo mtaalamu hawezi kumfanyia akiwa ukumbini.

Siku yenyewe haitaki fedha nyingi. Kofia, maji, viatu vinavyoweza kuingia topeni, koti la mvua kwa ajili ya saa nane. Nyavu za kukamatia ziacheni nyumbani: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa ukusanyaji, na hata bila sheria, kipepeo aliyeshikwa mabawa huharibika. Simu zinatosha. Programu ya iNaturalist ni ya bure, inapokea picha, na watu waliobobea huitambua aina. Kwa njia hiyo Chepilat itaanza kuwa na orodha yake ya vipepeo, iliyoandikwa na watoto wa Bomet na Nyamira pamoja. Vijana wa boda boda wanaojua vijia vyote vya kushukia mtoni walipwe kama waongozaji, malipo ya mwongozaji, si ya bahashishi. Akina mama wa soko waagizwe chai na viazi vitamu, wajumbe walipe kwa bei ya soko kutoka kwenye marupurupu yao.

Walimu wakuu wa shule za pande zote mbili, nawaomba mkutane mapema mchague kijito. Machifu, toeni taarifa barazani ili watu wasishtuke kuona kundi kubwa likitembea mpakani. Mnaelewa kwa nini nasema hivyo. Wenye mashamba, semeni mapema ni wapi mbwa wamefungwa na wapi hawajafungwa. Nanyi wajumbe wa kongamano, mwandikieni mwandalizi kabla ratiba haijachapishwa, maana ikishachapishwa hata dakika tano za kwenda msalani huwa ni za kupigania.